Bia ya Watu Watatu

Mudathiru, mpelelezi wa polisi, alisoma majibu ya maabara mara ya pili, akayarudisha ndani ya faili, kisha akaagiza mtuhumiwa aletwe.

Tatizo la majibu hayo lilikuwa kwamba hayakusema neno. Bia ya mtama ya Cansilde, ile inayoitwa ikigage, ilikuwa imepimwa dawa ya kunyunyizia viazi, dawa ya panya na sumu za mimea inayojulikana. Hakukuwa na kitu. Lakini Hitimana na Damascène walikuwa wamekwisha kuzikwa huko Busasamana, na Rugema alikuwa amelazwa katika hospitali ya mjini akiwa na homa isiyoshuka. Kati ya watu wote waliohudhuria ubatizo wa mjukuu wa Damascène, watatu hao ndio pekee waliokunywa kutoka katika kibuyu walichowekewa kando na Cansilde. Mashahidi wote walikubaliana juu ya kibuyu hicho. Mwendesha mashtaka alilitaka faili kabla ya mwisho wa juma. Likienda jinsi lilivyo, mama huyo angezeekea gerezani. Likifungwa kwa kukosa ushahidi, majirani walikwisha kuapa kwamba nyumba yake haitabaki imesimama.

Cansilde aliingia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, ingawa hakuwa nao.

"Keti, mama."

"Tangu munilete hapa minakaa tu. Acha nisimame kidogo."

"Kama unavyopenda. Siku ya ubatizo ulileta bia ya watu wote?"

"Ya batu bote. Ndani ya majerikani."

"Na Hitimana na wenzake?"

"Bale balikuwa na yabo."

"Kwa nini?"

"Ni yabo."

"Mama, hilo umenijibu tangu juzi. Watu wanakunywa jerikani moja, wazee watatu wanakunywa kibuyu chenye mirija mitatu. Wawili wamekufa. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri vile unafikiri."

"Nani alionja kwanza?"

"Mimi, mbele ya macho yabo. Mutu hapewi bia kama mwenye kuipika hajaonja. We muswahili, mutu wa musikiti, hukunywaka, lakini hata we unajua ile."

"Mukankusi anasema ulionja tone moja, kisha ukaenda kwako kunywa maziwa ili kuosha sumu."

Mukankusi alikuwa mjane wa Hitimana, na ndiye aliyepeleka mashtaka.

"Anasema pia," Mudathiru aliendelea, "kwamba mumewe alikuwa ameokoka. Aliahidi mbele ya kanisa zima kwamba baada ya ubatizo ule hatakanyaga tena kwako."

"Aliniambia."

Mudathiru aliinua kichwa. "Alikuambia wewe mwenyewe?"

"Kabla ya ubatizo. Alikuja, akakaa pale anakaaka, akasema, 'Cansilde, ya ubatizo itakuwa ya mwisho.' Mi nikasema, bon, basi hii nitaipika muzuri kuliko zote."

"Unajua maneno hayo yatasikika vipi mbele ya hakimu?"

"Najua. Hakimu hakumujua Hitimana." Sasa alikaa. "Afande, unaweza kuniuliza hata mwezi muzima. Mi sikuua mutu. Ule mutu nilimungojaka kila jioni. Mutu anaua ule anangojaka?"

Mudathiru aliandika sababu ya kutenda kosa, kwa sababu ilikuwa wazi, na akaiwekea alama ya kuuliza, kwa sababu ilikuwa wazi mno. Kisha akamrudisha mahabusu, akachukua pikipiki kwenda hospitali.

Jambo moja lilikuwa likimsumbua. Sumu anazozijua yeye huanza kazi mapema. Wazee hawa waliondoka ubatizoni wakiimba. Homa ilikuja siku kadhaa baadaye, kwanza na tumbo, kisha baridi ya kutetemesha kitanda, kisha akili ikapotea.

*

Daktari Umulisa wa maabara alikuwa amekulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani. Alimpokea Mudathiru mlangoni akiwa bado amevaa glavu.

"Nimempata," alisema.

"Nani?"

"Muuaji wako. Nimemwotesha kutoka kwenye damu ya Rugema. Njoo umwone, ila usimguse."

Katika kisahani chake alionekana kama vipele vidogo, visivyo na makuu. Umulisa alisema jina lake ni Yersinia, bakteria wa ukoo mmoja na tauni, lakini huyu ni ndugu mpole wa familia. Makazi yake anayoyapenda ni nguruwe. Baridi ya friji haimuui, na hata humo huzaliana taratibu.

"Ubatizoni kulikuwa na nyama ya nguruwe?"

"Ndiyo, wanaiita akabenzi, ya kuchoma juujuu, kutoka baa moja ya Mahoko. Wanasema ililala kwenye friji karibu juma zima, maana ubatizo uliahirishwa kwa ajili ya mvua." Mudathiru alikuwa tayari amesimama. "Basi ni mwenye baa."

"Keti kwanza. Nani alikula ile nyama?"

"Wote. Ningekuwapo, mimi peke yangu ndiye nisingekula."

Umulisa alicheka. "Na hao wote wako wapi? Kwa nini wodi yangu haijajaa?"

Mudathiru alikaa tena. Katika maelezo ya mashahidi, wengi walikuwa wametaja kuharisha baada ya ubatizo. Walikuwa wametaja wakicheka, kama mtu anavyotaja mvua. Walikunywa chai ya rangi, wakapona, wakarudi kwenye viazi vyao.

"Mdudu mmoja," alisema polepole. "Wengine anawaendesha, watatu anawaangusha."

"Sasa unauliza swali langu. Nikueleze anavyoishi?"

"Nieleze kama unanieleza habari za mwizi wa ng'ombe."

"Vizuri, maana ni mwizi. Huyu hawezi kuzaliana bila madini ya chuma, na hana ya kwake. Hukichukua mwilini mwa aliyemkaribisha. Lakini mwili si mjinga. Ndani ya damu kuna protini ambazo kazi yake ni kubeba chuma na kukikumbatia, kiasi kwamba hakuna punje inayozurura. Mdudu anaingia anakuta kila kitu kimefungwa. Kuna bakteria wakali wanaotengeneza molekuli zao, kama ndoano, za kunyofoa chuma kutoka kwenye zile protini. Aina hii tuliyoipata haina ndoano ya maana. Kwa mtu wa kawaida anasumbua matumbo kidogo, anakosa chakula, anatoka."

"Na kwa Rugema?"

"Kwa Rugema ghala limefurika. Protini zake zimebeba hadi zimeshindwa, na chuma kingine kinazagaa ndani ya damu. Mle mdudu haibi, anaokota. Akishiba anaingia damuni, na huko anakuwa kama yule ndugu yake mkubwa." Alivua glavu. "Nimepima mara tatu, nikidhani mashine imeharibika. Ini la yule mzee limejaa chuma. Angalia ngozi yake, imekuwa ya kijivu. Na ndugu zake walikuwa wanamnywesha dawa ya kuongeza damu, ile yenye chuma, kwa mapenzi kabisa. Nimewanyang'anya. Walikuwa wanamlisha mwizi."

"Mtu anaweza kuwekewa chuma kingi hivyo kwa siku moja? Ndani ya kibuyu?"

"Hapana. Hii ni kazi ya miaka. Mwili hauna njia ya kukitoa, labda damu imwagike. Kinaingia kidogo kidogo, kinakaa."

"Walikuwa ndugu wa damu?"

"Nimeuliza. Hapana."

"Wakulima wa viazi wote. Hakuna aliyewahi kuchomea hata dirisha."

"Basi nitafutie kilikotoka," Umulisa alisema. "Bila hicho mimi nina ugonjwa, lakini mtuhumiwa wako hana utetezi. Watasema mdudu alikuja tu kumalizia kazi ya sumu."

*

Rugema alikuwa ameanza dawa mpya tangu jana yake na akili yake ilikuwa imerudi. Alipomwona Mudathiru aligeuza kichwa juu ya mto.

"Ule muswahili wa polisi. Umeniletea nini?"

"Maswali, mzee."

"Maswali haishibishi. Ungeniletea kachupa kadogo ya ikigage ya Cansilde, ningekuambia yote, hata dhambi za padri."

"Huogopi? Wanasema ndiyo iliyowaua wenzako."

"Ni batu ba Mukankusi banasema vile. Mi nimekunywa ile bia tangu sijaota ndevu. Kama ni sumu, ni sumu yenye uvivu."

Mudathiru alisogeza kiti. "Tangu hujaota ndevu? Cansilde alifungua baa Busasamana baada ya kurudi kutoka ukimbizini."

"Hapa, ndiyo. Lakini bia ni ya kule. Ku Masisi."

Kisha mzee akasema bila kuulizwa, akitazama dirisha la wodi kana kwamba milima ile iko nyuma yake. Wazazi wao walikimbilia Masisi, ng'ambo ya mpaka, na wao walikulia huko, yeye na Damascène na Hitimana. Mama yake Cansilde ndiye aliyekuwa akipika. Jioni walitoka kuchunga, majani yamelowa, wakakaa nje ya nyumba yake wakinywa hadi ukungu ukafunika ng'ombe.

"Kule tulililia hapa," Rugema alisema. "Bazee betu balituimbia Rwanda kila usiku. Sasa tuko hapa, iko shule, iko barabara, iko umeme. Na mi nikifunga macho, njo kule nakwenda. Mutu ni kitu gani, muswahili?"

"Sijui, mzee. Bia ya hapa haikuwafaa?"

"Ile ya jerikani? Ile ni ya batoto. Haina kitu ndani. Ya kule ilikuwa nyeusi, inauma ulimi hapa pembeni, kama umelamba msumari. Tuliporudi tulimuomba Cansilde, tupikie ile. Alijaribu, ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa. Halafu Hitimana akamwambia, labda ni pipa."

"Pipa lipi?"

"La mama yake. Lilibaki ku Masisi. Cansilde aliliendea. Muke peke yake, na vita huko. Alirudi nalo juu ya kamyo, lori la makaa. Tangu siku ile tukapata yetu. Kila jioni ya Mungu." Alilamba midomo iliyokauka. "Njo maana nakuambia, kachupa kadogo."

"Hilo pipa ni la nini? Mbao?"

"Mbao gani? La chuma. La mafuta, lile la zamani."

*

Baa ya Cansilde ilikuwa imefungwa kwa kufuli la polisi. Mudathiru alilifungua mwenyewe. Nyuma yake, ng'ambo ya njia, majirani walisimama katika baridi ya milimani wakiwa wamejifunika, na mbele yao alikuwa Mukankusi, mwanamke mdogo wa mwili, aliyevaa vazi la msiba.

"Umerudi kutafuta sumu?" aliuliza.

"Nimerudi kutafuta chochote kilichopo, mama. Ingia nawe uone kwa macho yako. Mtu asije kusema nimeificha."

Aliingia. Ndani ya chumba cha kupikia kulikuwa na matangi mawili ya plastiki ya bluu, na kwenye kona, juu ya mawe matatu, pipa la chuma lisilopakwa kitu, lililofunikwa kwa kifuniko cha ubao. Mudathiru alikuwa ameliona mara ya kwanza na kupita. Alikuwa akitafuta chupa, vifurushi, mizizi. Hakuna apitaye akitafuta sumu akasimama kushangaa pipa.

Alichota bia iliyobaki katika tangi la plastiki, akaimimina kwenye glasi. Ilikuwa na rangi ya tofali. Akachota iliyobaki ndani ya pipa, akaimimina kwenye glasi ya pili. Ilikuwa nyeusi kama maji yaliyooshea masizi.

"Mama Mukankusi, hizi mbili zinapikwa kwa mtama tofauti?"

"Mutama ni moja. Anaununuaka kwangu."

"Chachu?"

"Ni moja. Mutaa wote tunatumiaka ile."

"Basi kilichotofautiana ni nini?"

Mukankusi alizitazama glasi zile mbili, kisha pipa.

Mudathiru aliingiza mkono ndani ya pipa, juu ya mstari wa bia, ambapo ukuta ulikuwa mkavu. Kiganja kilitoka chekundu kwa kutu. Chini ya mstari, mahali bia inapokaa, hapakuwa na kutu hata kidogo. Chuma kilikuwa safi, chenye vishimo vishimo, na kimekonda. Bia chachu ilikuwa imekila. Aligonga kwa kidole juu, kisha chini, na sauti mbili hazikufanana.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza, zaidi akijiuliza mwenyewe.

Alijaza chupa mbili, akazifunga kwa lakiri mbele ya Mukankusi, akamwomba atie alama ya kidole gumba kama shahidi. Mjane alifanya hivyo bila kubisha.

*

Umulisa alipiga simu kesho yake asubuhi. Bia ya plastiki ilikuwa na chuma kidogo, kama maji ya kisima. Bia ya pipa ilikuwa na chuma kingi kiasi ambacho hakupata kukiona katika kinywaji. Mzee anayekunywa hiyo kila jioni kwa miaka ishirini na zaidi, alisema, ini lake lazima liwe kama la Rugema. Sampuli za Hitimana na Damascène zilizohifadhiwa zilikuwa zimeonyesha vivyo hivyo.

"Na Rugema?"

"Homa imeshuka. Akipata nguvu tutaanza kumtoa damu, chupa kwa chupa, ndiyo njia ya kukipunguza chuma. Nimemwambia. Ananiita mbu."

Mudathiru alizungumza na mwendesha mashtaka kwa nusu saa. Hakukuwa na sumu, hakukuwa na nia. Palikuwa na nyama iliyokaa sana, ambayo wakaguzi wa afya wangeishughulikia huko Mahoko, na palikuwa na chombo. Sheria haina kifungu cha chombo. Baada ya hapo aliwaita wanawake wawili ofisini kwake, kwa kuwa mshtaki na mshtakiwa wote wana haki ya kusikia.

Aliwaeleza kwa utaratibu, kama alivyoelezwa. Alitaja nyama, mdudu, kisha chuma. Mukankusi alisikiliza akiwa wima karibu na mlango. Cansilde alisikiliza ameinama, akitikisa kichwa taratibu, na Mudathiru alipofika kwenye pipa alikiona kichwa chake kikiacha kutikisika.

"Kwa hiyo hukuwapa sumu," alimalizia. "Mashtaka yamefutwa. Uko huru, mama."

Cansilde hakushukuru wala hakusimama.

"Donc, kumbe chuma kilitoka kwangu."

"Kilitoka kwenye pipa."

"Pipa njo mimi nililileta." Alikuwa akisema polepole, akipanga neno moja baada ya jingine. "Kama ningemupikia Hitimana ndani ya plastiki kama bengine, ile nguruwe ingemufanya nini?"

Mudathiru angeweza kusema hajui. "Ingemwendesha tumbo, mama. Pengine siku mbili."

"Halafu angepona."

"Pengine."

"Lakini angekuja?" Sasa alimtazama afisa machoni. "Afande, we unajuaka kutafuta. Niambie. Bia ya plastiki iko kila kona ya Busasamana, hata mlangoni kwake. Alisemaka, 'Cansilde, hapa kwako njo peke nasikiaka ladha ya Masisi.' Kila jioni alisemaka vile. Bila pipa, angekuja kufanya nini kwangu?"

Mudathiru alifunga faili, akalifungua, akalifunga tena. Hakuwa na shahidi wa jambo hilo.

"Angekuja," alisema Mukankusi.

Wote wawili waligeuka. Mjane alikuwa ameegemea ukuta, na mikono yake ilikuwa imeshika ncha za vazi lake.

"Hitimana hakusikiaka ladha. Harufu pia, hapana. Tulipokuwa tunarudi, ku njia, askari alimupiga hapa juu ya pua na kitako cha bunduki. Tangu siku ile, hakuna kitu. Alinikataza nisiseme, aliona haya. Mi natiaka chumvi mara mbili, hajui. Siku moja mafuta ya petroli ilimwangika ndani ya maharagi, batoto wakalia. Yeye akakula sahani yote, akaniambia asante."

"Alisemaka ni ladha ya Masisi," Cansilde alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Kwangu alisemaka ile ile. 'Niache niende, Mukankusi, ni ladha ya kule.' Na mi nilijua hasikii kitu. Miaka yote ile nilijua. Ungemupa maji, angekuja. Mi sikutaka we ujue. Nilitaka ufungwe bila kujua."

Nje, mtu alikuwa akiosha gari, na redio ilikuwa ikisoma bei za mazao.

Cansilde aliweka viganja vyote viwili juu ya meza ya Mudathiru, kama anayezuia meza isiondoke. Hakulia. Mudathiru, aliyezoea kungojea maneno ya watu, safari hii hakungoja. Alisukuma karatasi ya kuachiliwa mbele yake na kalamu juu yake.

Mukankusi ndiye aliyesogea. Alichukua kalamu, akaiweka katikati ya vidole vya mwenzake.

"Tia sahihi," alisema. "Halafu inuka. Ukishuka ku gari kule kwetu peke yako, bale batu batakungoja na mawe. Mi njo niliwaita, mi njo nitawarudisha. Tutashuka pamoja, nikikushika mukono, mubele ya bote."

"Na kesho?"

"Kesho sijui. Leo inuka."

Cansilde alitia sahihi. Alitafuta viatu vyake chini ya kiti kwa miguu, akakipata kimoja, na Mukankusi akainama akamsogezea cha pili.